Pweza wa chuma chakavu kwenye hewa ya chumvi ya Mtwara: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila masika yakiisha swali ni lile lile: kwa nini sanamu ya chuma imeoza upesi hivi? Mtu katengeneza samaki, twiga au mvuvi kwa vyuma vya gereji, kamsimamisha pembeni ya barabara, watu wamepiga picha. Mwaka wa pili kazi inamwaga kutu hadi kwenye zege, mwaka wa tatu mguu umekatika. Mwenyewe anadhani alikosea rangi.

Mara nyingi rangi si kosa la kwanza. Sanamu nyingi za huku pwani hufa kwa mambo matatu: msingi uliomwagwa kwa mchanga wa ufukweni, maji yanayolala ndani ya chuma, na vyuma visivyopatana kuunganishwa pamoja. Nitaeleza kwa mfano wa pweza mmoja mwenye kimo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 300. Ukiweza pweza, samaki atakuwa rahisi, maana pweza ana minyiri minane na kila mnyiri una mahali pa kuficha maji.

## Vitu vya kuandaa

Vya msingi: saruji mifuko 9, mchanga wa shimo au wa mtoni, kokoto, maji baridi (yasiyo na chumvi), nondo za mm 12 (nne, za mita 12), nondo moja ya mm 8 kwa ringi, waya wa kufungia, na boliti nne za nanga zenye unene wa mm 20 na urefu wa sentimita 60, zilizopindwa chini. Kila boliti iwe na nati tatu na washa mbili nene.

Vya mwili: bomba la inchi 4 lenye ukuta wa mm 5 au 6, mita 2. Pleti ya mm 12, sentimita 45 kwa 45. Nondo za mm 16, jumla mita 55. Pleti za mm 3 kwa ajili ya kichwa, flati ba, vipande vya mabomba, nati kubwa, washa, na spoketi za bodaboda zilizochakaa.

Vifaa: mashine ya kuchomelea, vijiti vya 6013 vya mm 2.5 na 3.2, pakiti moja ya 7018, grainda na diski za kukatia na kusagia, brashi ya waya, nyundo ya kugongea gamba, pima maji, timazi, tochi, chenibloku.

Vya kinga: kofia ya kuchomelea, glavu za ngozi, miwani ya grainda, viatu vya kufunika, ndoo ya mchanga. Miwani ya jua haikingi macho na mwanga wa kuchomelea, hata kama jirani yako anaitumia miaka yote.

Vya rangi: praima ya epoksi ya makopo mawili (rangi na kigumisho chake) lita 4, rangi ya juu ya poliyurethani lita 4, thina ya kampuni hiyo hiyo, sabuni, na maji baridi mengi.

## 1. Pata ardhi kabla ya kukata chuma

Kama sehemu iko kwenye barabara kuu, mwenye sauti ni TANROADS. Barabara za mitaa ni TARURA. Bustani na viwanja vya wazi ni Manispaa ya Mtwara Mikindani. Usifanye kosa la kupata ruhusa ya mdomo ya ofisi moja ukadhani umemaliza, maana kipilefti kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili.

Peleka mchoro wenye vipimo, uzito, na kina cha msingi. Barua yenye maneno "nataka kupamba mji" tu itakaa mezani. Mchoro unampa mhandisi kitu cha kukubali au kukataa.

Halafu uliza nini kimepita chini ya ardhi. Mabomba ya maji ya MTUWASA, nyaya za umeme na za mawasiliano, na kwa mji wetu uliza pia kuhusu bomba la gesi. Usichimbe mpaka umeoneshwa.

*Umefaulu kama:* una barua yenye muhuri, na umesimama pale mahali ukaona kwamba dereva anayeingia barabarani bado anaweza kuona gari linalokuja.

## 2. Pima upepo kwenye karatasi

Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kupisha kimbunga Kenneth, ambacho kilipiga zaidi upande wa Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua kaskazini yetu. Kwa hiyo usihesabu upepo wa kusi wa kawaida tu.

Hesabu ni nyepesi. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, unasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Umbo lenye mikunjo huongeza, weka 130. Pweza wetu akitazamwa kwa mbele ana eneo la mita 2 za mraba, basi anasukumwa kwa kilo 260. Kitovu cha msukumo huo kiko mita 2 juu ya ardhi, na ukipima kutoka chini ya msingi ongeza sentimita 80. Zidisha 260 kwa 2.8, unapata 728, ndiyo nguvu ya kumpindua.

Sasa upande wa msingi. Zege la mita 1.2 kwa 1.2 kwa 0.8 lina uzito wa kilo 2,760 hivi. Zidisha kwa nusu ya upana wake, 0.6, unapata zaidi ya 1,650. Msingi unashinda upepo zaidi ya mara mbili. Ikikutoka chini ya mara mbili, ongeza upana wa msingi. Kuchimba kina zaidi kunasaidia kidogo kuliko kupanua.

Sanamu ikizidi mita 4, au ikiwa na bawa pana, hesabu hii haitoshi. Mtafute mhandisi.

## 3. Chagua chuma, na ujue cha kukataa

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwenye kuchomelea.

Nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali, na udai risiti. Ukiletewa kipande cha reli, alama ya barabarani, mfuniko wa chemba au chuma cha nguzo ya umeme, kataa hata kama bei ni ya kutupa. Sanamu yako itasimama hadharani, na kila mtu, polisi akiwemo, ataona ulichotumia.

Kisha pima kwa cheche. Gusisha chuma kwenye grainda jioni, kwenye kivuli:

- Cheche ndefu, za njano, zisizopasuka sana: chuma laini. Hiki ndicho chako.
- Cheche nyingi zinazopasuka kama fataki: chuma kigumu, mfano springi za lori na bearingi. Ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza kinapasuka pembeni ya weld, pengine usiku, peke yake.
- Cheche fupi nyekundu zinazozimika upesi: chuma cha kumimina, mfano ngoma za breki na bloku za injini. Usikichomelee kwa kijiti cha kawaida. Kifunge kwa boliti au kiache.

Pweza anavutia watu kutumia ringi za bearingi kama vikombe vya kunyonyea. Nilifanya hivyo mara ya kwanza. Zilikaa vizuri wiki tatu, kisha zikaanza kudondoka moja moja kama meno ya mtoto. Siku hizi nakata mabomba ya inchi 2 na inchi 1 kuwa ringi za sentimita mbili, nachanganya na nati na washa. Spoketi za bodaboda zinakubali, ila zipashe moto kwanza mpaka tone la maji lichemke juu yake, tumia 7018, na uziache zipoe taratibu bila kumwagiwa maji.

Alumini, shaba na chuma havikai pamoja pwani. Mifuniko ya sufuria inang'aa kama magamba, najua. Lakini maji ya chumvi yakikaa kati ya alumini na chuma, alumini inaliwa na kugeuka unga mweupe. Na kuna sababu ya pili ambayo vitabu haviisemi: alumini na shaba zina bei kwa wanunuzi wa skrepa. Zitang'olewa usiku.

Vinavyoua. Usikate wala kuchomelea pipa au tanki lililofungwa, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mabaki ya mafuta hutoa mvuke unaolipuka. Shokomzoba nazo zimefungiwa gesi au mafuta kwa mgandamizo, ziache. Mitungi ya gesi na kompresa za friji, hivyo hivyo.

Bomba la zinki na mabati ya zinki ni hatari ya namna nyingine. Moshi mweupe wake unaleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Saga zinki yote sentimita tano kila upande wa unapochomelea, fanya kazi nje, simama upepo ukiwa ubavuni ili moshi usipite usoni. Maziwa ambayo mafundi hunyweshana hayafiki kwenye mapafu.

*Umefaulu kama:* una rundo moja la chuma laini, rundo dogo la spoketi, na vilivyobaki umerudisha.

## 4. Mwaga msingi mapema

Zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake, kwa hiyo limwage kabla ya kuanza kuchomelea. Vyote viwili vitakomaa pamoja.

Chimba shimo la mita 1.2 kwa 1.2, kina sentimita 85. Kama udongo ni mchanga unaoporomoka, kama ilivyo Shangani, weka mbao pembeni. Tandika zege jepesi la sentimita 5 chini, kwanza liwe sakafu safi.

Suka nyavu mbili za nondo za mm 12, moja chini na moja juu, kila nondo mbali na mwenzake sentimita 20. Zisiguse udongo: acha sentimita 7 pande zote, kwa kutumia vipande vya zege ulivyomimina mwenyewe. Usitumie vipande vya mti wala mawe ya matumbawe, vinapitisha maji. Katikati inua shingo ya sentimita 60 kwa 60 yenye nondo nane za wima na ringi za mm 8, itokeze juu ya ardhi sentimita 40. Shingo hii ndiyo inayomwinua pweza kutoka kwenye madimbwi ya masika.

Tengeneza kielelezo cha boliti kwa kutoboa plaiwudi matundu manne yenye umbali wa sentimita 36 kwa 36, na utoboe pleti ya chini kwa kutumia kielelezo hicho hicho. Boliti zikipishana na matundu kwa nusu sentimita, utashinda siku nzima ukipanua matundu kwa moto, na ndipo pleti inapoharibika. Boliti zitokeze sentimita 10 juu ya shingo. Zifunge nyuzi kwa mfuko wa nailoni zisiingie zege.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Maji yawe ya kutosha kushikamana tu. Zege linalotiririka kama uji linakuwa dhaifu.

Onyo ambalo halitoshi kusemwa mara moja: mchanga wa ufukweni hapana, na maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hapana. Chumvi inakaa ndani ya zege na kula nondo kutoka ndani. Nondo inayopata kutu inavimba na kupasua zege. Mtu ataona ufa, atapaka saruji juu, na mwaka unaofuata ufa utarudi mpana zaidi. Saruji tunatengenezewa hapa hapa Msijute. Ukiokoa pesa, usiokoe kwenye mchanga.

Shindilia kwa nondo unapomwaga, hasa kuzunguka boliti. Kilele cha shingo kisawazishe, kisha kingo ziteremke kidogo nje ili maji yaondoke. Funika kwa magunia na uyamwagie maji siku saba, asubuhi na jioni.

*Umefaulu kama:* siku ya tatu unagonga zege kwa nyundo na linalia kavu, kielelezo bado kinaingia kwenye boliti bila kulazimishwa, na pima maji linakubali.

## 5. Jenga mfupa

Chomelea bomba la inchi 4 katikati ya pleti ya mm 12, weld izunguke kote, kisha ongeza pembetatu nne za pleti kama mbavu za kulishikilia. Weld na mbavu hizi za chini zisizoonekana ndizo zinazobeba pweza mzima, kwa hiyo usimwachie mwanafunzi. Kwa kijiti cha mm 3.2 cha 6013 anza na ampea 110 na urekebishe. Gamba likitoka lenyewe na mstari una mawimbi ya karibu karibu, moto umekaa sawa. Mstari ukikaa juu kama kamba iliyolazwa, moto ni mdogo na chuma hakijashikana.

Vijiti vilivyoshika unyevu vinatoa weld yenye matundu. Hewa yetu inavilowesha hata ndani ya nyumba. Vifungie kwenye kopo lenye mfuniko, na 7018 ifungue siku unayoitumia tu.

Minyiri: kila mmoja una nondo tatu za mm 16, mita 2.2. Zipinde baridi kwa kuziingiza kwenye bomba refu, zisuke kwa vipande vya flati ba kila sentimita 25, na zipunguze kuelekea ncha. Mchonga mpingo wa Kimakonde anaondoa mpaka umbo litokee. Sisi tunaongeza, na kishawishi ni kuongeza bila kikomo. Pweza hupendeza minyiri ikielekea pande tofauti, minne ikigusa pleti na minne ikiwa hewani. Ukitaka kujua anavyojikunja, nenda Mikindani bamvua linapotoka, uwatazame akina mama wakirudi kutoka kwenye miamba.

Ncha zote zilizo chini ya mita 2.5 zikunje ndani au zimalize kwa nati ya mviringo. Watoto watapanda. Weka kibao ukipenda, watapanda tu.

*Umefaulu kama:* wanaume wawili wananing'inia kwenye mnyiri mrefu kuliko yote, wakishuka unarudi mahali pake, na hakuna weld iliyolia.

## 6. Vika ngozi, na uache njia ya maji

Kichwa kikate kwa pleti za mm 3 kama maganda ya chungwa, uyalaze juu ya ringi tatu za flati ba. Bati la pipa la mafuta ni jembamba mno, kutu italitoboa mapema.

Kanuni ni mbili tu. Kwanza, kila mahali chuma kinapolala juu ya chuma, weld izunguke yote. Weld za nukta nukta zinaacha mwanya ambamo maji ya chumvi yanaingia na brashi ya rangi haiingii. Ile michirizi ya kahawia inayoanza mwezi wa nne hutokea kwenye mianya hiyo. Vikombe vya pweza wetu ni zaidi ya mia moja, na kila kimoja kinazungushiwa weld. Inachosha. Punguza idadi ya vikombe, usipunguze weld.

Pili, kila bakuli liwe na tundu la mm 12 mahali pa chini kabisa: kichwa, kila mkunjo unaotazama juu, vikombe vinavyotazama mbinguni, na bomba la katikati juu kidogo ya pleti. Toboa sasa. Ukitoboa baada ya rangi unafungua mlango wa kutu.

*Umefaulu kama:* unamwaga ndoo mbili za maji kichwani na baada ya dakika moja hakuna mahali yanaposimama. Halafu usiku weka tochi ndani ya kichwa, uzime taa za karakana. Mwanga unaotoka pasipo tundu ni weld uliyoisahau.

## 7. Rangi

Paka kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imekwisha. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, acha saa tisa alasiri. Kusi inaleta chumvi, kwa hiyo kama karakana iko karibu na maji, zungusha maturubai.

Utaratibu ni huu, na haupinduliwi:

Vyuma vya mafuta, kama spoketi, vioshe kwa dizeli kisha sabuni. Gonga gamba lote la weld, saga chembe. Osha sanamu nzima kwa sabuni na maji baridi kabla ya brashi ya waya, vinginevyo unaisugua chumvi iingie ndani ya vinyweleo vya chuma. Ikikauka, piga brashi ya waya na msasa mpaka kutu inayobanduka iishe. Suuza tena, kausha kwa kitambaa.

Praima iingie siku hiyo hiyo, ndani ya masaa manne. Chuma kilichosafishwa kikilala usiku mmoja huku kwetu kinaamka kimegeuka rangi ya chungwa.

Kabla ya kupaka kote, chukua brashi ndogo uzipitie weld zote na kingo zote peke yake. Rangi hukimbia kwenye kingo kali, na ndiko kutu inakoanzia. Kisha paka praima mara mbili na rangi ya juu mara mbili, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Epoksi peke yake juani inachujuka na kuwa unga, ndiyo maana poliyurethani inakaa juu yake. Ukichanganya makopo mawili una saa chache tu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Wapo wanaotaka sanamu ibaki na kutu kwa uzuri. Kuna chuma maalumu cha hivyo, nacho hakipendi hewa ya chumvi. Chuma cha gereji hakina kutu ya kujikinga. Kitaendelea kuliwa mpaka kiishe.

*Umefaulu kama:* unapitisha kitambaa cheupe chenye maji kwenye kila mkunjo na hakirudi na rangi ya kutu.

## 8. Msimamishe

Fuso na chenibloku kwenye miguu mitatu ya mabomba zinatosha kwa kilo 300. Mtu asipite chini ya mzigo. Fanya alfajiri, kabla ya bodaboda kujaa.

Weka nati moja chini ya pleti kwenye kila boliti, shusha pweza juu yake, sawazisha kwa timazi, kisha kaza nati mbili juu. Mwanya wa sentimita 3 chini ya pleti jaza mota kavu ya saruji na mchanga kwa uwiano wa 1 kwa 2, ukiacha kijitundu cha maji ya bomba kutokea. Mota ikikauka, kaza tena, kisha piga weld ndogo kwenye nati ya juu ili spana ya mwizi isifanye kazi. Pale ulipounguza rangi, safisha na urudie tabaka zote.

*Umefaulu kama:* watu wanne wakisukuma kwa pamoja, unasikia kelele zao tu.

## 9. Mwaka wa kwanza na inayofuata

Mwoshe kwa maji baridi kila baada ya miezi mitatu, na lazima mwezi wa kumi kusi ikishatulia. Pitisha waya kwenye matundu yote. Nyigu wa udongo wanayapenda sana. Kabla ya masika mzunguke ukiwa na chaki, uweke alama kila doa la kahawia, likwangue, praima, rangi. Doa la ukubwa wa shilingi mia ni kazi ya dakika ishirini.

Bakiza nusu lita ya kila rangi, uandike juu ya mfuniko jina lake, namba yake na tarehe, umwachie mtunza bustani. Kopo la kigumisho lisifunguliwe mpaka siku ya kazi.